Anayezaa anatolewa kwaya, anayetoa anaendelea kuimba

Jumamosi moja ya mwezi wa sita nilikaa kwenye ukumbi wa parokia hapa Tabora mjini toka saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, semina ya utetezi wa uhai, yaani ya kupinga utoaji mimba, na niseme ukweli nilienda kwa sababu mke wangu ni katibu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kwenye jumuiya yetu na aliniambia Baba Doto leo usipokuja usiulize habari ya chakula. Tulikuwa watu kama themanini hivi, wamama ndio wengi, vijana wa VIWAWA, umoja wa vijana Wakatoliki, wamejazana nyuma karibu na mlango, wababa wa kuhesabu. Mwezeshaji alitoka Dar, mtu mpole, anaongea taratibu, kaja na kile kisanduku ambacho kama umewahi kuhudhuria hizi semina unakijua, vitoto vya plastiki vimepangwa kwa umri, wiki ya nane, ya kumi na mbili, ya ishirini, mpaka thelathini. Vinazungushwa mkono kwa mkono. Mimi nilifikiwa na kile cha wiki kumi na mbili, nikakiweka kiganjani, urefu wake kama kidole gumba changu, na kina vidole, unavihesabu. Nikampa mama wa makamo aliyekaa pembeni yangu. Yule mama alikishika muda mrefu, akakifunika na ncha ya kitenge kama vile kinasikia baridi, halafu akampitishia mwenzie bila kusema neno.

Naanza na hilo kwa sababu najua wapo wasomaji watakaodhani nakuja kuwacheka hawa watu. Siwacheki. Mimi mwenyewe naamini kile kilichoko tumboni ni mtu, nimefundishwa hivo na sijaona sababu ya kubadilika. Nachotaka kusema ni kitu kingine.

Baada ya vitoto ikaja projekta. Picha za Washington, watu maelfu kwa maelfu kwenye baridi ya Januari na mabango yao, yale maandamano ambayo wenzetu wa Marekani wanayafanya kila mwaka toka 1974, na baadae picha ya Mahakama ya Juu yao tarehe 24 Juni 2022 siku walipoifuta hukumu ya Roe v. Wade, ile ya 1973 iliyofanya kutoa mimba kuwa haki nchi nzima. Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nikiwa katikati ya kupiga nikajiuliza sasa sisi wa Tabora tunashangilia nini hasa, maana ile vita ya Marekani ilikuwa ya kubadilisha sheria, na huku kwetu hiyo sheria haijawahi kuwa upande mwingine hata siku moja.

Soma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 150, anayemtoa mwanamke mimba miaka 14 jela. Cha 151, mwanamke mwenyewe akijitoa miaka 7. Cha 152, aliyetoa dawa au kifaa akijua kinaenda kufanya nini miaka 3. Mlango pekee ulioachwa wazi ni kifungu cha 230, pale daktari anapofanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Hizo sheria tumeachiwa na Mwingereza, na Mwingereza mwenyewe kwake alishalegeza toka 1967, sisi tumebaki nazo kama kabati la urithi ambalo hakuna anayejua kulifungua wala kulitupa. Kwahiyo ukiniuliza harakati ya utetezi wa uhai Tanzania imefika wapi kisheria, nitakwambia ilishafika kabla haijaanza safari.

Kwenye maswali ndio palipokaa. Binti mmoja wa kule nyuma, gauni pana la kitenge, akasimama nusu nusu kama anayetaka kukaa tena, akasema samahani mimi nauliza, mtu akiamua kuzaa, kodi ya chumba atalipiwa na nani? Watu wakacheka. Sio kicheko kibaya, kile cha aibu. Mwezeshaji akajibu kwa upole kwamba kila mtoto anakuja na sahani yake, Mungu haleti mdomo bila chakula, wamama wakasema amina, binti akakaa. Tukaenda kwenye soda.

Sasa tuongee.

Hawa watetezi wa uhai kwa Tanzania sio watu wa jana. Chama chao kikubwa, Pro-Life Tanzania, kimefungamana na Human Life International, shirika lililoanzishwa Marekani 1981 na padri Paul Marx, na kwa miaka mingi sura yake hapa nchini imekuwa Emil Hagamu. Kazi zao ukiziangalia ni semina mashuleni, seminarini na maparokiani, vipeperushi, mafundisho ya uchumba na ndoa, uzazi wa mpango kwa njia za asili, kuandika barua na matamko kila linapoibuka jambo bungeni, na sala. Msingi wa fundisho ni ile barua ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya 1995, Evangelium Vitae, ambako ndiko yale maneno utamaduni wa kifo yalikoanzia kusambaa mpaka yakafika kwenye mahubiri ya vigangoni. Huyo Papa alikanyaga hapa Tabora Septemba 1990, marehemu baba alipanda treni toka Kigoma kuja kumuona, akarudi na kofia ya karatasi akaitunza mpaka panya walipoimaliza. Na leo Tabora ina kardinali, Protase Rugambwa, ambaye huko nyuma aliwahi kuwa askofu wa Kigoma. Yaani kama kuna mahali nchi hii harakati hii ina mizizi na ina watu, ni kwenye hii reli ya kati toka hapa mpaka ziwani.

Ila mizizi ni kitu kimoja, na mambo yanavoenda mtaani ni kitu kingine.

Turudi Marekani kidogo maana wao ndio walimu wa hizi semina. Walipigana miaka 49 wakaipata hukumu yao. Miezi miwili haijaisha, Agosti 2022, jimbo la Kansas, sehemu ya wakulima na makanisa mengi, wananchi wakapewa kura ya kuiondoa kinga ya utoaji mimba kwenye katiba ya jimbo, wakaikataa. Novemba 2024 majimbo 10 yakapiga kura ya namna hiyo, 7 yakaenda upande wa haki ya kutoa, na Florida ilipata asilimia 57 ikakwama tu kwa sababu kwao lazima ifike 60. Na mimba zenyewe zinazotolewa hazikupungua, mwaka 2023 zilipita milioni moja, namba kubwa kuliko ya mwaka wowote kwa zaidi ya miaka kumi nyuma yake, sababu vidonge vinasafirishwa na mtu anaongea na daktari kwa simu akiwa sebuleni kwake. Mtu aliyesimama barabarani na bango miaka yote hiyo anashinda kesi halafu anakuta kitu alichokuwa anakipinga kimehama chumba tu.

Sisi hilo somo tulikuwa nalo nyumbani muda wote hatukulisoma. Utafiti uliofanywa na NIMR, yaani taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, chuo cha Muhimbili na taasisi ya Guttmacher ya Marekani ulikadiria kwamba mwaka 2013 peke yake mimba zilizotolewa Tanzania zilikuwa kama 405,000, na wanawake kama 66,600 walitibiwa hospitali kwa madhara yake. Najua watetezi wa uhai hawaipendi Guttmacher, wanasema ni watu wa upande ule, na ni kweli upande wao unajulikana. Haya basi, kata hiyo namba nusu. Kata tena nusu ya nusu. Bado unabaki na watu laki moja kwa mwaka mmoja, kwenye nchi ambayo kila mmoja wao angeweza kufungwa miaka saba. Ukitaka kujua sheria peke yake inaweza kufanya nini, jibu limekaa hapo.

Na vile vidonge navyo vimefika hapa, tusidanganyane. Mtaani vinaitwa miso, yaani misoprostol, vilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na wodini wanavitumia kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, yaani dawa ile ile inayookoa mzazi ndio inayouzwa kwa kunong'ona nyuma ya kaunta. Huwezi kuipiga marufuku bila kuwaua wazazi. Hapa ndio naona mbele ya harakati hii kisheria kuna ukuta, sio kwa sababu kuna adui mkubwa, ni kwa sababu hakuna tena kitu cha kukamata. Zamani kulikuwa na mganga na vijiti vyake, polisi wanajua nyumba. Sasa hivi ni simu na mtu wa boda.

Kwahiyo swali linabaki lile lile la binti wa gauni la kitenge. Na mimi kwa bahati mbaya nalijua hilo swali toka nyumbani kwetu.

Mdogo wangu wa mwisho alipata mimba 2008 akiwa kidato cha pili, shule moja huko Kasulu ambayo siitaji. Wasichana walipangwa mstari wakapewa vikopo, wakapimwa wote siku moja kama ng'ombe wa chanjo, jioni yake mwalimu wa zamu akamletea begi getini. Hiyo ilikuwa shule, na shule ilikuwa inafuata utaratibu wa nchi. Kilichoniuma zaidi ni kwaya. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana, na Jumapili iliyofuata mwenyekiti akamwambia akae kwanza benchi mpaka ajifungue, na akishajifungua aende kitubio, na baada ya kitubio uongozi utakaa uone. Uongozi haukukaa. Sasa kwenye ile ile kwaya, na hili alikuja kuniambia yeye mwenyewe miaka mingi baadae, kulikuwa na wenzie wawili waliokuwa wameshatoa. Walijulikana na wasichana wote. Wakaendelea kuimba, mmoja wao ndio alipewa zile solo za mdogo wangu za Noeli.

Hebu soma hapo tena taratibu. Aliyezaa akaondolewa, waliotoa wakabaki, tena wakapanda cheo. Na waliomtoa hawakuwa watu wabaya, walikuwa watu ambao kesho yake wangeweza kukaa semina ya uhai wakalia machozi ya kweli wakishika kile kitoto cha plastiki. Na mimi nilikuwemo, nilikuwa tayari nafanya kazi, mama aliponipigia nikamwambia mpeleke kwa shangazi kijijini mpaka mambo yapoe, yaani hata mimi nilichokuwa nawaza ni lile tumbo lisionekane.

Hilo ndio langu kwenye makala hii yote, kwamba sisi huku hatuadhibu dhambi na wala hatuadhibu kutoa mimba, tunaadhibu tumbo linaloonekana. Shule ilikuwa inaliadhibu, mpaka Novemba 2021 alipotangaza waziri wa elimu wa wakati huo Joyce Ndalichako, aliyekuwa mbunge wa Kasulu Mjini huyo huyo wa kwetu, kwamba mabinti wanaojifungua warudi darasani, baada ya ile kauli ya Rais Magufuli ya 2017 kule Chalinze kwamba ukipata mimba ndio basi. Familia inaliadhibu. Kwaya inaliadhibu. Mwenye nyumba akiliona anaomba chumba chake. Binti wa miaka 17 sio mjinga, anapiga hesabu, anaona kila mtu anayemheshimu atamgeuka siku tumbo likitokeza, na anaona kuna njia moja ya kufanya lisitokeze. Halafu tunakuja na projekta kumwambia usiue.

Na hata sheria tulizotunga kwa nia nzuri zinasukuma upande huo huo. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ukimpa mwanafunzi mimba au ukimuoa, miaka 30 jela. Mimi naiunga mkono, wale wanaume walistahili. Lakini fikiria mwanaume mwenye familia, mwenye pikipiki mbili na heka zake za tumbaku, anaambiwa na binti nina miezi miwili. Yeye anachokiona pale ni ushahidi unaokua kila wiki. Atauza hata bati la nyumba huo ushahidi uishe. Hizi kesi ukiwauliza watu wa dawati la jinsia wanakwambia zinavofia, wazazi wanaelewana, binti anabadilisha maelezo, au mimba yenyewe haipo tena wakati wa kusikilizwa.

Hapa Tabora mimba za mabinti sio kitu cha kubahatisha. Takwimu za afya za 2015 na 2016 zilionyesha kwamba wasichana wa miaka 15 mpaka 19 waliokuwa wameshazaa au ni wajawazito Katavi ni asilimia 45, na sisi tukafuata na 43, wakati taifa zima lilikuwa 27. Kitaifa imeshuka, 2022 ilikuwa 22. Ila nenda Urambo, Kaliua, Sikonge kipindi cha masoko ya tumbaku, malipo yametoka, wanaume wamejaa mjini na mabunda, muziki kila kona, kreti zinapangwa mpaka barabarani. Wauza baa wanaujua huo msimu, na manesi wa kliniki wanaujua pia, wenyewe wanauhesabu kwa miezi tisa. Sijawahi kusikia semina ya uhai ikifanyikia kwenye chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku siku ya malipo. Zinafanyikia kwa wamama waliokwisha kuokoka, saa tatu asubuhi.

Na baba wa mtoto, huyo ndio hayupo kabisa kwenye mafundisho. Kulikuwa na sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa, baba akithibitika alikuwa anaamriwa kutoa matunzo yasiyozidi shilingi mia moja kwa mwezi. Mia moja. Ilikaa hivo hivo wakati shilingi inaporomoka, mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipokuja kuifuta na kuweka utaratibu wa kwenda ustawi wa jamii na mahakama ya watoto, kupima vinasaba, baba anapangiwa kulingana na kipato. Utaratibu upo. Ila nionyeshe parokia moja yenye mtu wa kumshika binti mkono wakaenda wote ustawi wa jamii, wakae kwenye lile benchi, warudishwe njoo Alhamisi, waende Alhamisi. Hiyo nayo ni kutetea uhai, tena isiyohitaji projekta.

Kinachonishangaza ni kwamba mfano tunao hapa hapa mjini. Masista wa Mama Teresa walifungua nyumba yao Tabora 1968, ndio ya kwanza Afrika, wakati huo dunia ilikuwa bado haijamjua sana huyo mama. Mwaka 1979 alipokwenda Oslo kupokea Nobel alisimama mbele ya wafalme akasema kutoa mimba ndio mharibifu mkubwa wa amani, na hayo maneno tunayasikia kwenye kila semina. Tunachoruka ni kipande kinachofuata, alieleza kwamba wao walipeleka habari kwenye zahanati, hospitali na vituo vya polisi kwamba msimuue mtoto, tuleteeni sisi. Yaani kwanza alikuwa na kitanda, ndio akafungua mdomo. Uwe unakubaliana nae au hukubaliani, mpangilio wake ulikuwa huo.

Kigoma nako kuna kitu nimekifuatilia kwa sababu ni kwetu. Toka 2006 mfuko wa Bloomberg uliingia mkoa ule na mradi wa kupunguza vifo vya wazazi, wakakarabati vituo vya afya vya vijijini, wakawafundisha matabibu ambao sio madaktari bingwa kufanya upasuaji wa uzazi kule kule, kwa hiyo mama wa Buhigwe au Uvinza asisafirishwe usiku kwenye barabara ile ya vumbi mpaka Maweni. Baadae wakaleta mpango wa mwenza wa kujifungulia, mama anaingia leba na mtu wake wa kumshika mkono. Shirika lililokuwa linaendesha linaitwa Thamini Uhai. Sasa angalia hilo jina. Wale hawakuja na bango la harakati yoyote, na upande mmoja wa mradi ulikuwa na uzazi wa mpango ambao watetezi wa uhai wa Kikatoliki wasingeukubali hata kwa dawa, lakini hesabu watoto ambao wapo hai Kigoma leo kwa sababu kisu cha upasuaji kilikuwepo kilomita tano na sio themanini. Kitaifa vifo vya wazazi vilikuwa vinakadiriwa 556 kwa kila vizazi hai laki moja kwenye ule utafiti wa 2015 na 2016, ikaja 104 kwenye wa 2022. Hapo kuna vyumba vya upasuaji, damu, gari la M-Mama unalolipigia 115, na manesi. Projekta haimo.

Sisemi mambo yameisha. Sera inasema mjamzito anahudumiwa bure, ila yeyote aliyewahi kupeleka mtu kujifungua anaijua ile orodha. Mke wangu alipokuwa na Doto na Kulwa tulifika kituo kimoja saa saba usiku, nesi kabla hajatuuliza jina akauliza mmekuja na vitu? Glavu jozi nne, pamba bunda kubwa, mpira wa kulalia, wembe, kamba za kitovu, beseni, kanga tatu safi, na sabuni. Beseni hatukuwa nalo. Nikaanza kugonga duka moja baada ya jingine usiku ule, nikalipata kwa muuza maji aliyekuwa analitumia kuoshea chupa. Mimi nilikuwa na pesa mfukoni na pikipiki, nikasema je huyu wa miaka 17 aliyekimbiwa? Ile orodha, pamoja na nauli, ndio bei halisi ya kuchagua kuzaa, na bei ya miso nyuma ya kaunta ni ndogo kuliko hiyo. Nani kafanya hiyo hesabu kwenye vipeperushi?

Kuna mambo mawili yanayonipa wasiwasi juu ya wanakoelekea. La kwanza ni hilo la vidonge vya majira, vijiti na sindano. Watetezi wa uhai wa Kikatoliki wanaliweka kapu moja na utoaji mimba toka ile barua ya Papa Paulo wa Sita ya 1968, na walishangilia 2018 Magufuli alipowaambia watu wa Meatu waachane na uzazi wa mpango. Matokeo yake wanabaki peke yao. Walutheri na Wamoravian hapa Tabora hawana shida na kupanga uzazi, Waislamu wa Ujiji ukimuuliza shehe kuhusu kutoa mimba kwa kuogopa umaskini atakusomea Suratul Israa aya ya 31, usiwaue watoto wako kwa kuogopa ufukara, mnakuwa kitu kimoja kabisa, ila ukiendelea mpaka kwenye kupanga uzazi kwa wanandoa mnaachana. Harakati ingeweza kuwa ya mkoa mzima, misikiti na makanisa, imejikata yenyewe ikawa ya dhehebu moja. Nawaelewa kiimani. Kimkakati naona wanajipunguza.

La pili ni kutegemea pepo za Washington. Kila rais wa Republican akiingia toka Reagan 1984 anarudisha ile sera ya kunyima pesa mashirika ya nje yanayogusa utoaji mimba, kila wa Democrat anaifuta, Trump akairudisha Januari 2025, na watu wetu kwenye magrupu ya WhatsApp wakashangilia. Miezi michache mbele USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa, tarehe 1 Julai 2025. Ukitegemea mvua ya jirani usilalamike akibadilisha upande wa kulima. Na kwa upande mwingine nako kuna Itifaki ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika wa haki za wanawake, ambayo Tanzania iliridhia 2007, kifungu cha 14 kinaruhusu kutoa mimba ya kubakwa, ya maharimu, au inayohatarisha afya ya mama, ila sheria ya ndani haijaguswa. Siku moja mtu ataenda mahakamani nayo, Kenya wameshafika huko. Watetezi wa uhai watajaa mahakamani siku hiyo, na ni haki yao. Swali ni kwamba watakuwa na ushahidi gani wa kuonyesha kwamba binti aliyebakwa akaambiwa azae, alizaa mikononi mwa nani.

Mdogo wangu yuko Kibirizi kule Kigoma, anauza dagaa, yule mtoto wa vikopo yuko kidato cha tatu na ana kimo kunizidi. Nilimpigia jioni ile baada ya semina nikamsimulia habari za yule binti na swali lake. Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao, halafu akauliza yuko kwaya? Nikasema sijui. Nikamuuliza mke wangu, akasema alikuwepo, sauti ya pili, wamemsimamisha toka Pasaka.

Semina ilizaa kamati ya utetezi wa uhai ya parokia, watu saba, mke wangu yumo. Kikao cha kwanza alipeleka hoja binti arudishwe kwaya na tumbo lake hivo hivo. Mama mmoja akasema atawaharibu wenzie, mwingine akasema joho halitamtosha, mwenyekiti akasema hilo liwekwe kiporo kwa sababu muda umeenda na bado hawajapitisha rangi ya fulana. Binti anatarajia mwisho wa mwezi wa tisa. Mke wangu ameshanunua beseni.